“Ling’oe Tu”: Jino la Mtoto wa Maskini na Sera Isiyoandikwa



Jumamosi moja ya mwezi uliopita niliketi katika benchi la kliniki ya meno ya mtaani kwetu hapa Morogoro, nikingoja zamu yangu. Ni kliniki ndogo ya familia: chumba kimoja cha tiba, kiti kimoja, daktari mmoja na msaidizi wake, na pazia la kijani lisilozuia sauti. Anayengoja husikia kila kinachosemwa ndani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na mwanawe wa miaka saba, shavu limevimba kidogo, mkono haubanduki shavuni.

“Daktari, hili si jino la utoto? Ling’oe tu, litaota jingine.”

“Hapana, mama. Hili ni gego lake la kwanza la ukubwani. Likitoka, halioti tena.”

“Mbona hakung’oka jino lolote hapo kabla yake?”

“Gego hili huota nyuma ya meno ya utoto, halingoji jino ling’oke. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Bado linaweza kutibiwa na kuzibwa.”

Kukawa kimya.

“Kuziba ni kiasi gani?”

Daktari akataja. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya kung’oa.

“Basi, daktari. Ling’oe tu.”

Nusu saa baadaye nililala katika kiti kilekile. Gego langu nalo lilikuwa na tundu. Nilionyesha kadi ya bima ya afya ya mtumishi wa umma, nikatia saini fomu, likazibwa. Mimi nimekwisha kuvuka miaka hamsini. Jino langu limebakiza miaka michache ya kazi. Jino la mtoto yule lilikuwa na miaka sitini mbele yake. Lililookolewa ni langu.

Sikusema neno siku ile, na sioni fahari kwa hilo. Nasema leo. Hoja yangu ni moja: nchi yetu ina sera ya kinywa ambayo haikuandikwa popote, haikujadiliwa na bunge lolote, wala haina saini ya waziri yeyote, lakini hutekelezwa kila siku katika maelfu ya vinywa. Sera hiyo ni maneno mawili ya mama yule: ling’oe tu. Na wanaoitwa kujibu mashtaka ya sera hiyo si walioiacha ikatawala, bali ni wagonjwa wenyewe.

Mashtaka dhidi ya mgonjwa

Kila tarehe 20 Machi dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno. Tunaifahamu sherehe yake: turubai, fulana, watoto wa shule waliopangwa mstari na miswaki mipya mikononi, na hotuba. Katika hotuba, aghalabu husemwa kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kupima meno, tunakwenda hospitali jino likiwa limekwisha kuoza, na kwamba tatizo letu kubwa ni elimu.

Siipingi elimu, ndiyo kazi inayonilisha. Ninachopinga ni elimu kugeuzwa kuwa pazia. Katika saa mbili nilizokaa kwenye benchi lile nilisikia maswali ya wagonjwa wengi, na daktari aliyajibu yote, isipokuwa moja. Nayaweka hapa pamoja na majibu yake, kwanza kwa sababu yana faida kwako, msomaji, na pili kwa sababu yanaonyesha elimu inafika wapi na inaishia wapi.

Mzee mmoja aliuliza kama kung’oa jino la juu huharibu macho. La. Neva inayopeleka hisia za meno ni tofauti na neva ya kuona. Wengi huanza kuona vibaya katika umri uleule ambao meno yao yameanza kung’olewa, wakaunganisha mawili yasiyohusiana.

Kijana mmoja aliuliza kama kusafishwa meno hospitalini huyalegeza. La. Kinacholegeza jino ni ugaga uliogandamana chini ya fizi na ugonjwa unaokula mfupa unaolishikilia. Ugaga ukiondolewa, mgonjwa huhisi mwanya uliokuwapo tangu zamani, akadhani ameupata siku ile.

Mama mjamzito aliuliza kama ni kawaida fizi kutoka damu, na kama anaruhusiwa kutibiwa. Ujauzito huzifanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, lakini damu ni dalili ya ugonjwa, si ada ya uzazi. Anaruhusiwa kutibiwa, hata kwa ganzi ya kawaida ya meno. Muhimu ni kumwambia daktari kwamba ni mjamzito.

Mzazi mwingine aliuliza kwa nini ahangaike na meno ya utoto yatakayong’oka yenyewe. Kwa sababu mtoto anatafuna kwayo leo, kwa sababu yanayatunzia nafasi meno ya ukubwani, na kwa sababu usaha wa jino la utoto unaweza kuliharibu jino linaloota chini yake. Apigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere kwa aliyefikisha mitatu hadi sita. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi.

Na mwanamume mmoja, aliyekuja siku ya nne ya maumivu, aliuliza kwa nini vidonge vya rangi mbili alivyonunua duka la dawa havikumsaidia. Havikumsaidia kwa sababu maumivu ya jino lililotoboka hadi kwenye kiini hayaondolewi na dawa ya kuua bakteria. Yanaondolewa na mkono wa mtaalamu. Kwa kuvimeza bila kuhitajika, aliongeza tone lake katika bahari ya usugu wa dawa.

Angalia, msomaji. Kila swali kati ya hayo lilihitaji dakika moja au mbili na mtu mwenye ujuzi na subira. Watu hawa si wajinga wasioelimishika. Wameuliza, wamejibiwa, wameelewa. Mama wa mtoto yule naye alielewa. Alipoingia alidhani ni jino la utoto. Alipotoka alijua kwamba si la utoto. Elimu ilifanya kazi yake yote mbele ya masikio yangu. Na jino likang’olewa.

Swali ambalo daktari hakuweza kulijibu ni lile la mwisho, ambalo kila aliyeingia aliliuliza kwa sauti ya chini kuliko mengine: ni kiasi gani? Bei aliitaja, ndiyo. Lakini swali lenyewe halikuwa la bei. Lilikuwa linauliza: je, jino la mwanangu ni langu peke yangu kulihangaikia, au kuna mwingine anayehusika? Swali hilo haliulizwi daktari. Linaulizwa dola.

Lawama iliyokosa anwani

Tabia ya kumlaumu mgonjwa ina mfano mwingine, na huu niliuona darasani. Nimewahi kumfundisha mwanafunzi kutoka miteremko ya Mlima Meru, binti mwenye hoja kali katika maandishi, ambaye katika semina alizungumza ameweka kiganja mbele ya kinywa. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Wenzake kutoka mikoa mingine walidhani hapigi mswaki.

Madoa yale hayatokani na uvivu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floraidi katika maji ya Arusha, Manyara, Kilimanjaro na maeneo mengine ya nchi, na mtoto akiyanywa kwa wingi wakati meno yake yanajengeka ndani ya ufizi, jino huota likiwa na doa ambalo hakuna mswaki utakaolifuta. Floraidi kidogo katika dawa ya meno hulinda. Floraidi nyingi katika maji huharibu, na ikizidi sana huathiri hata mifupa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya maji ya vijijini tulivyojiwekea katika miaka ya 1970 viliruhusu hadi miligramu 8, kwa maelezo kwamba maji mengine hayakuwapo. Yawezekana wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Lakini basi tukiri: doa lile ni saini ya uamuzi wa umma, na aliyebebeshwa aibu yake ni binti anayeficha kinywa.

Sukari nayo ina kisa kilekile. Tunawaambia wananchi wapunguze vitamu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima hiyo ni takribani gramu 50. Chupa moja ya soda ya nusu lita huimaliza hesabu hiyo yote. Sasa nenda kijiji chochote usichokijua, fika dukani mwishoni mwa barabara ya vumbi. Soda utaikuta, pengine ya baridi. Mtaalamu wa meno hutamkuta. Lori la sukari limejua njia ya kufika mahali ambapo tunaambiwa jiografia imewazuia wataalamu wasifike. Mwananchi aliyeachwa kati ya soda iliyopo na daktari asiyekuwapo ndiye anayeambiwa kwamba utamaduni wake ni mbaya.

Hoja ya umaskini na jibu kutoka nyumbani

Najua jibu nitakalopewa, hasa na wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma. Watasema: mwalimu, wewe unaandika, sisi tunagawa kidogo kilichopo. Kuna malaria, kuna akina mama wanaokufa wakijifungua, kuna watoto wachanga. Jino litangoja.

Ni hoja ya heshima, nami nitaijibu kwa heshima. Kwanza, jino halingoji. Usaha wa gego la chini unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa, na mtu akafa kwa ugonjwa ulioanza na tundu dogo kama kichwa cha pini. Mgonjwa wa kisukari mwenye fizi mbovu hupata shida zaidi kuidhibiti sukari yake, na sukari isiyodhibitiwa huzidisha ubovu wa fizi. Kinywa si kiungo cha pambo kilichoning’inizwa nje ya mwili.

Pili, ugonjwa huu si wa wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu takribani bilioni 3.5, karibu nusu ya wanadamu wote, wana maradhi ya kinywa. Mwaka mmoja kabla yake, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umepitisha azimio la kuitaka dunia iache kungoja meno yaoze ndipo iyatibu, na kuiingiza huduma ya kinywa katika mipango ya afya kwa wote.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: jibu la bei nafuu lilizaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliofanya kazi na shule yetu ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, waliona kwamba mashine ya kutoboa jino haina maana mahali pasipo na umeme. Wakaanza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kuliziba tundu kwa kibandiko maalumu. Hakuna mashine, hakuna umeme, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilijaribiwa na kuendelezwa Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994, wakati Siku ya Afya Duniani ilipobeba ujumbe wa afya ya kinywa, na leo hufundishwa katika vyuo vya mabara yote.

Mwaka 2021 saruji ya kuzibia meno inayotumika katika njia hiyo iliingizwa katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya maji ya fedha na floraidi inayosimamisha kuoza kwa jino kwa kupakwa tu. Dawa muhimu, msomaji. Orodha hiyohiyo ndiyo yenye dawa za malaria.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuliokoa jino la mtoto wa Kitanzania ni anasa ya Ulaya. Maarifa yale yalitoka kwetu. Mbegu imeota kwa jirani, sisi tumebaki na koleo.

Kung’oa nako kuna gharama

Watetezi wa ukimya husahau kuhesabu upande wa pili. Kung’oa huonekana rahisi kwa sababu gharama yake hulipwa baadaye na mtu mwingine. Gego likitoka, majirani zake huinama kuelekea pengo, la upande wa pili hushuka likitafuta mwenzake, kutafuna kunahamia upande mmoja, na upande huo nao unachoka. Baada ya miaka, mtu aliyeanza na jino moja amebakiwa na nusu ya kinywa. Meno ya bandia yana bei, na bei hiyo haimo katika mazungumzo ya siku ile ya kwanza.

Kisha kuna gharama isiyo na risiti. Pengo la mbele humfuata mtu kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, humfuata darasani, humfuata kwenye posa. Tunasoma tabaka la mtu kinywani mwake kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Tangu mwaka 1993, tulipoanza kuwataka wagonjwa wa hospitali za umma wachangie gharama, tumejadili mengi kuhusu nani hupona na nani hufa. Tumejadili kidogo sana kuhusu nani hucheka akiwa amefunika kinywa.

Ninachodai

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni sheria kubwa, nami niliipokea kwa matumaini. Lakini thamani ya bima haimo katika jina lake. Imo katika kitita cha mafao. Kitita kitakacholipia kung’oa bila maswali na kusitasita kulipia kuziba kitakuwa kimeichukua sera isiyoandikwa na kuiandika. Kwa hiyo nadai mambo manne.

Kwanza, katika kila mpango wa bima ya umma, kuziba jino la mtoto kusimgharimu mzazi zaidi ya kuling’oa. Kanuni hii inaeleweka kwa yeyote na inakaguliwa kwa urahisi.

Pili, kuziba kwa vifaa vya mkono kufanyike katika kila kituo cha afya chenye tabibu wa meno, na saruji yake ihesabiwe kuwa bidhaa muhimu isiyoruhusiwa kuisha, kama ambavyo hatuvumilii kuisha kwa dawa ya malaria.

Tatu, watoto wa darasa la kwanza na la pili wachunguzwe magego yao shuleni. Huo ndio umri ambao gego la kwanza la ukubwani huota kimyakimya. Uchunguzi huo hauhitaji turubai wala fulana. Unahitaji mwanga, kioo kidogo, na mtu wa kumtibu atakayeonekana na tundu.

Nne, wakubwa wakome kusema kwamba wananchi hawana utamaduni wa kutunza meno, mpaka watakapokuwa tayari kutaja, katika hotuba hiyohiyo, umbali wa kituo kinachoziba meno na bei yake.

Wanafunzi wangu, nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi mkaulize swali moja: mwezi uliopita meno mangapi yaling’olewa hapa, na mangapi yalizibwa? Andikeni namba mbili mtakazopewa. Wanaharakati, namba hizo mbili ni bango tosha. Na ninyi watumishi wa umma wenzangu, mnaosoma haya mkiwa na kadi kama yangu mfukoni: pitisheni ulimi juu ya magego yenu. Kila mahali ulimi unapogusa mzibo laini, hapo dola ilijibu swali. Tunalodai ni ijibu kwa sauti ileile kwa mwingine.

Nilipotoka kliniki siku ile, mtoto yule alikuwa bado nje, ameketi kwenye ngazi akiuma pamba. Mama yake alikuwa amenunua maji na anatafuta bodaboda. Mtoto alinionyesha jino lake, limefungwa katika kipande cha karatasi, kwa fahari ileile ya watoto wote wanaotupa jino juu ya paa ili wapewe jipya.

Hakuna aliyekuwa amemwambia.